Uchaguzi wa mahali pa kampuni: Djugu

Uchaguzi wa mahali pa kampuni ni uamuzi wa mwekezaji kuhusu pa kuweka mgodi, kiwanda au ghala, baada ya kupima malighafi, usafiri, nguvukazi, soko, kodi na usalama. Djugu, teritori iliyo kaskazini mwa mji wa Bunia mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilichaguliwa kwa sababu ya malighafi: dhahabu iligunduliwa Kilo, ndani ya teritori hiyo, mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto, SOKIMO ya leo, ikaundwa mwaka 1926.

Uamuzi huo huathiriwa pia na sera ya kikanda, ambayo hulenga kuvuta mitaji kwenye maeneo yaliyoachwa nyuma. Sheria ya Uwekezaji ya Kongo ya mwaka 2002 ilitoa misamaha ya kodi ya miaka 3 kwa Kinshasa, 4 kwa Kongo ya Chini na miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na 5 kwa maeneo mengine, Ituri ikiwamo. Hata hivyo, mapigano yaliyoanza upya Djugu mwishoni mwa 2017 yamedhoofisha kivutio hicho. Msamaha wa kodi hauwezi kuziba pengo la amani na barabara.