Newfoundland 1948: Wavuvi walipoamua kuungana na Kanada

Mwaka 1869 wapigakura wa Newfoundland, kisiwa kilichokuwa koloni la Uingereza, waliukataa kwa kishindo muungano na Kanada, jirani mkubwa aliyekuwa ameundwa miaka miwili tu kabla. Charles Fox Bennett, mfanyabiashara aliyeongoza upinzani huo, akawa waziri mkuu, na kwa karibu miaka 80 Kanada iliendelea kutazamwa kwa shaka kisiwani humo.

Njaa ndiyo iliyowabadilisha watu. Uchumi ulimtegemea samaki mmoja, chewa, na bei yake ilipoanguka miaka ya 1930 zaidi ya nusu ya mapato ya serikali ikawa inaishia kulipa riba ya madeni. Mwaka 1934 bunge likafungwa na nchi ikawekwa chini ya tume iliyoteuliwa na London. Asiye na kazi alipata msaada wa chakula wa senti sita kwa siku. Vijijini mvuvi aliweza kumaliza msimu mzima bila kushika fedha taslimu: alichukua unga, chumvi na nyavu kwa mkopo dukani kwa tajiri, kisha tajiri huyohuyo ndiye aliyepanga bei ya samaki wake.

Vita Kuu vya Pili vya Dunia vikaleta kambi za kijeshi na ajira za mshahara, na mwaka 1946 likachaguliwa baraza la kujadili mustakabali wa nchi. Humo akang'ara Joseph Smallwood, mtangazaji wa redio aliyejua kusema na watu wa vijijini. Mijadala ilirushwa hewani, naye akaitumia kuwaeleza akina mama juu ya posho ambayo Kanada ililipa kila mwezi kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 16. Mjumbe mwenzake, Peter Cashin, alitaka kwanza irudi serikali ya madaraka, yaani nchi ijitawale tena. Baraza, kwa kura 29 dhidi ya 16, likakataa hata kuliweka jina la Kanada kwenye karatasi ya kura ya maoni ambayo ingeamua mustakabali huo. Wafuasi wa Smallwood wakakusanya saini karibu 50,000, na London ikaliweka.

Juni 3, 1948 serikali ya madaraka ilipata kura 69,400, Kanada 64,066, na tume 22,311. Hakuna aliyevuka nusu, hivyo tume ikaondolewa na kura ikarudiwa Julai 22. Wiki hizo saba zilikuwa chungu. Askofu Mkuu Mkatoliki, Edward Roche, alikuwa mpinzani mkubwa wa muungano. Waprotestanti wa chama cha Orange nao wakahimizana kuuunga mkono. Kanada ikashinda kwa kura 78,323 dhidi ya 71,334. Rasi ya Avalon, yenye mji mkuu St. John's na maduka ya matajiri, ilikataa. Vijiji vya wavuvi kwingineko kwa wingi vilikubali.

Walioshindwa walisema nchi imeuzwa kwa posho ya watoto. Lawama hiyo naikataa. Mama aliyelea watoto kwa senti sita alikuwa na haki kamili ya kuupima uhuru kwa kilichomo chunguni, na waliomcheka hawakuwahi kulala na njaa ile. Uchungu wao, hata hivyo, ulikuwa wa kweli. Chesley Crosbie, mmoja wa wajumbe waliotumwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, alikataa kutia saini masharti ya muungano, na ulipoanza kazi Machi 31, 1949, baadhi ya nyumba za St. John's zilitundikwa vitambaa vyeusi vya msiba. London na Ottawa zenyewe zilikuwa zimekwisha kuzungumza faraghani tangu 1945 na kuafikiana kwamba muungano ndiyo njia bora, jambo lililowapa wengi sababu ya kuamini kwamba walichezewa, ingawa wizi wa kura haujathibitishwa.

Muungano uliikabidhi Ottawa mamlaka juu ya uvuvi. Chewa walipokaribia kwisha, Julai 1992, Ottawa ikaufunga uvuvi huo. Watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi, na swali la 1948 likaulizwa upya kwa hasira. Fedha za kuwasaidia wavuvi hao nazo zilitoka Ottawa.