Donge la Damu Lililompa Jibu Daktari Trousseau

Mwanzoni mwa mwaka 1867, Armand Trousseau, daktari maarufu wa hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris, aligundua kuwa mshipa wake mmoja umevimba na kuziba kwa damu iliyoganda. Tumbo lilikuwa likimsumbua kwa muda, na chanzo chake hakikujulikana. Lakini donge lile la damu lilimpa jibu. Miaka miwili tu nyuma, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba mgonjwa wa tumbo asiyeeleweka, damu yake ikianza kuganda mishipani bila sababu, basi huyo ana saratani. Alimwambia mwanafunzi wake kuwa shaka imemwondoka. Juni mwaka huohuo saratani ya tumbo ilimuua. Hadi leo dalili hiyo inaitwa kwa jina lake.

Trousseau aliona kwamba saratani na kuganda kwa damu huandamana. Kwa nini viandamane, hakuweza kujua, maana kitu kinachoviunganisha kilikuwa bado hakijaeleweka. Waliokuwa wakichungulia damu kwa hadubini walikuwa wameshaona vipande vidogo mno, vidogo kuliko chembe nyekundu, na wengi walivichukulia kuwa mabaki ya chembe nyingine zilizovunjika.

Aliyevipa heshima yake ni Giulio Bizzozero wa Torino, Italia. Yeye hakuridhika na damu iliyokwisha kutolewa mwilini. Aliitazama ikiwa bado inatiririka ndani ya mishipa myembamba ya wanyama walio hai, akaujeruhi mshipa, akangoja. Vile vipande vilivyodharauliwa ndivyo vilivyofika kwanza, vikang'ang'ania palipojeruhiwa na kushikamana hadi pakazibika. Mwaka 1882 alichapisha habari hiyo kwa urefu, na kwa Kitaliano akaviita vibamba vidogo. Sisi tunaziita chembe sahani. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, hazina kiini, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Bila hizo, hata jeraha dogo lingevuja damu kwa muda mrefu.

Nani angezishuku chembe za namna hiyo kuwa zinaisaidia saratani? Mwaka 1889 Stephen Paget wa London alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akasema saratani ni kama mbegu, haioti kila mahali, huota penye udongo unaoifaa. Hoja yake ilikuwa nzuri na ingali inafundishwa. Lakini mbegu hiyo husafirije ndani ya damu bila kufa njiani? Swali hilo lilikaa miaka mingi bila jibu la kutosha.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kwa jaribio ambalo kwa maoni yangu lilistahili sifa kubwa zaidi ya liliyopata. Gabriel Gasic, Tatiana Gasic na mwenzao Stewart waliwapa panya kimeng'enya fulani kabla ya kuwatia chembe za saratani. Saratani ilisambaa kidogo sana. Walipotafuta sababu, waliona kwamba kimeng'enya kile kilikuwa kimepunguza chembe sahani. Wakazipunguza kwa njia nyingine kabisa, matokeo yakawa yaleyale. Kisha wakawarudishia panya chembe sahani, na saratani ikapata nguvu ya kusambaa tena. Hapo ndipo chembe sahani zilipokamatwa na ushahidi mkononi.

Tangu hapo siri imefunuka hatua kwa hatua. Chembe ya saratani iliyochopoka kwenye uvimbe na kuingia katika damu iko hatarini: mkondo unaiponda, askari wa kinga wanaiwinda, na nyingi sana hufa. Ila inayobahatika hujifunika chembe sahani kama mtu aliyejitanda shuka. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walionyesha, kwa panya, kwamba funiko hilo huzizuia chembe za kinga zisiiue. Mwaka 2011 Myriam Labelle na Richard Hynes wa MIT walionyesha jambo zito zaidi: chembe sahani hutoa kemikali zinazoibadili chembe ya saratani, ikawa na uwezo mkubwa zaidi wa kupenya na kuhamia kwingine. Kazi ileile ya kuponya kidonda, sasa inamfaidi adui.

Ndiyo maana macho yakageukia aspirini. Kidonge hicho huzizuia chembe sahani kutengeneza kemikali iitwayo thromboksani, na kwa kuwa hazina kiini, haziwezi kujirekebisha mpaka zife. Mwaka 2012 Peter Rothwell wa Oxford alipitia upya majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya moyo, akakuta waliomeza aspirini kila siku walipatwa kwa uchache zaidi na saratani iliyosambaa. Mwaka 2025 watafiti wa Cambridge walieleza, kwa panya, kwamba thromboksani huzipumbaza chembe T za kinga, na aspirini huziamsha. Mwaka huohuo, jaribio la nchi za Nordiki lilionyesha kuwa miligramu 160 kwa siku zilipunguza kwa takriban nusu kurudi kwa saratani ya utumbo mpana kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na wenye mabadiliko maalumu ya jeni.

Hata hivyo, aspirini haikuwasaidia wagonjwa wa saratani ya matiti katika jaribio la watu 3,020 lililochapishwa 2024, na huweza kuleta kutokwa damu tumboni au kwenye ubongo. Usianze kuimeza kila siku bila kauli ya daktari. Na mguu wako mmoja ukivimba na kuuma bila sababu, huenda damu imeganda mshipani; usiukande kwa maji moto ukangoja. Nenda hospitali siku hiyohiyo.