Niweke antivirusi gani? Historia fupi ya kinga za kompyuta ya nyumbani

Ukisomea kompyuta chuoni, jiandae kuulizwa swali hili na jamaa, majirani na marafiki wa marafiki: "Niweke antivirusi gani?" Wengi hutaka nitaje jina moja tu. Mimi huanza na historia, kwa sababu kinga hizi hazikuja siku moja. Kila moja ilikuja baada ya watu kuumia kwa namna fulani.

Tuanze na antivirusi. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika Brain, kirusi kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC. Kilikaa katika sehemu ya disketi inayosomwa kompyuta inapowaka, na ndani yake waliandika majina yao, anwani na nambari za simu! Walieleza baadaye kwamba walitaka kuwabana walionakili programu yao bila kulipa. Kufikia 1987 antivirusi za kwanza zilikuwa zimeanza kuonekana, na McAfee ilianzishwa mwaka huo. Zilifanya kazi kama askari mwenye picha za wezi: kila faili inalinganishwa na alama za virusi vinavyojulikana. Mwizi ambaye picha yake haijafika, anapita.

Pili ni fayawoli, yaani mlinzi wa langoni anayekagua mawasiliano yanayoingia na kutoka. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye intaneti. Inakadiriwa iliingia mashine 6,000 kati ya 60,000 hivi. Hakuna aliyepokea disketi kutoka kwa mtu, kwa hivyo kuchunga disketi pekee hakungesaidia. Miaka ya 1990 makampuni na vyuo viliweka fayawoli, lakini nyumbani zilichelewa. Windows XP ilitoka Oktoba 2001 ikiwa na fayawoli ndani, ila imezimwa! Agosti 2003 ikaja Blaster. Kuunganisha kompyuta kwenye mtandao kulitosha kuambukizwa, na mashine zikaanza kujizima na kujiwasha. Agosti 2004 Microsoft ilitoa Service Pack 2, na fayawoli ikawa inawaka bila mtu kuiwasha.

Tatu ni programu za kijasusi. Hizi hazikuvunja mlango, zilikaribishwa. Ulipakua programu ya bure, kama Kazaa ya kubadilishana nyimbo, ukabonyeza "Nakubali" bila kusoma, nyingine zikaingia pamoja nayo na kufuatilia kurasa unazotembelea. Kwa kuwa mtumiaji alikuwa "amekubali", makampuni ya antivirusi yalisita kuziita virusi. Ndipo zikapata umaarufu Ad-Aware na Spybot Search & Destroy. Desemba 2004 Microsoft ilinunua kampuni ya GIANT, na kazi yake ikazaa Windows Defender. Windows 8 ilipotoka 2012, Defender ilikuwa antivirusi kamili. Kwa hivyo kinga zote tatu, ambazo zamani ulizitafuta moja moja, sasa zimo ndani ya Windows yenyewe.

Huku kwetu Kenya, kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ilitegemea satelaiti, ghali na ya polepole. Kupakua orodha mpya ya virusi ilikuwa shughuli. Virusi navyo vilipanda flashi, kutoka saiba hadi ofisini hadi nyumbani. Conficker, iliyoanza Novemba 2008, ilitumia njia zote mbili, mtandao na flashi.

Sasa tazameni tarehe hizi. Kiraka cha kuziba tundu la Blaster kilitolewa Julai 2003, shambulio likaja Agosti. Cha Conficker kilitolewa Oktoba 2008, shambulio likaja Novemba. Cha WannaCry kilitolewa Machi 2017, shambulio likaja tarehe 12 Mei. Mara zote tatu dawa ilitangulia ugonjwa! Wengi walioumia walikuwa hawajasasisha mashine zao.

Na hapo ndipo penye shida yetu. Tunazima masasisho ili yasile bando. Tunanunua laptopu ya mtumba yenye Windows ya wizi, na maagizo ya kuivunja yanasema: zima antivirusi kwanza. Halafu tunauliza ni antivirusi gani nzuri. Ni kuajiri askari na kuacha dirisha wazi.

Hata askari mwenyewe mkague. Avast iligawiwa bure kwa mamilioni ya watu, huku kampuni yake tanzu, Jumpshot, ikiuza taarifa za kurasa walizotembelea. Jumpshot ilifungwa 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Kinga dhidi ya majasusi ilikuwa yenyewe inapeleleza.

Basi jibu langu ni hili. Kwanza, tumia mfumo unaopokea masasisho. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ikiwa mashine yako haiwezi Windows 11, Linux ni bure na ni halali. Pili, acha Defender na fayawoli zikiwa zimewashwa. Kwa nyumba nyingi zinatosha. Tatu, ukitaka antivirusi nyingine, weka moja tu, kwani mbili zikilinda kwa pamoja hugombana. Ikiwa ni ya bure, uliza inaishi kwa pesa za nani. Nne, nakili faili zako kwenye diski ya nje na uichomoe.

Ukibakiwa na bando la kitu kimoja tu wiki hii, litumie kwa masasisho. Haya, kazi kwenu!