Reli Iliyoishia Arusha

Mwaka 1896 treni ya kwanza ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa inafika Muheza, kilomita 40 tu kutoka Tanga. Wakati huo mzigo wa kutoka Mlima Meru bado ulishuka pwani juu ya mabega ya wapagazi. Njia yao ilikuwa ya zamani na yenye akili: kushuka Arusha Chini, kufuata bonde la Mto Pangani, kuacha milima ya Upare na kisha Usambara upande wa kushoto, hadi mto unapokutana na bahari. Misafara ya Waswahili ilipanda kwa njia hiyo hiyo kwenda Umasaini kutafuta pembe, na kwa kuwa mbele yao kulikuwa na nyika isiyo na shamba, walijaza chakula kwanza kwa Waarusha na Wameru. Ndizi, mahindi na maharage ya Meru yalikuwa na soko kabla ya Mjerumani yeyote kupanda mche wa kahawa pale.

Wahandisi wa reli hawakubuni njia mpya. Waliifuata ile ya wapagazi.

Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, chini ya kampuni binafsi iliyoundwa Ujerumani miaka miwili kabla. Kampuni iliishiwa fedha njiani, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua kazi. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi mwishoni mwa Septemba 1911; treni za kawaida zikafunguliwa rasmi Februari 1912. Hizo ni kilomita 352 kwa miaka kumi na minane. Kwa kulinganisha, Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896 na kufikia Ziwa Viktoria mwaka 1901, umbali wa zaidi ya kilomita 900. Wao walikuwa wanawahi Uganda. Wajerumani wa Tanga walikuwa wanahudumia mashamba, na kila walipomaliza kipande walisimama kuona kama kitalipa.

Kilicholipa hasa ni katani. Mwaka huo huo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani. 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Pangani. Kutoka katika hiyo miche 62 ikatoka mikonge ya bonde zima, na katani ni zao linalodai reli: jani lake ni zito, nyuzi zake ni nyingi kwa ujazo, na bei yake haivumilii mpagazi. Kila stesheni kutoka Muheza hadi Korogwe ilijaa marobota. Huko Mkumbara, mbele kidogo ya Mombo, kulikuwa hata na waya wa kuteremshia mbao za mierezi kutoka misitu ya Shume juu ya Usambara hadi kwenye mabehewa.

Arusha haikuwa na lolote la namna hiyo lililoweza kuivuta reli mapema. Ilikuwa na boma. Ngome ile nyeupe, ambayo leo ni makumbusho, ilijengwa mwaka 1899 na 1900 kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioshindwa vita. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na Kapteni Kurt Johannes akaja kulipiza mara kwa mara, akichoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Baada ya boma wakaja walowezi. Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita yao na Mwingereza walifika miaka ya 1904 na 1905, na walikuja na kitu kilichokuwa cha maana zaidi kwa biashara ya mji kuliko mashamba yao: magari makubwa ya kukokotwa na maksai.

Kwa miaka mingi magari hayo ndiyo yaliyokuwa reli ya Arusha. Mzigo ulishushwa Moshi, ukapakiwa upya, ukavuka uwanda wa Sanya na mito inayotelemka kutoka Meru. Kiangazi safari iliwezekana. Masika, ule udongo mweusi unaonata ulishika magurudumu, na gunia la chumvi lililotoka Tanga hadi Moshi kwa treni lingeweza kutumia muda mrefu zaidi katika kilomita themanini zilizobaki. Yeyote aliyenunua bati au mafuta ya taa Arusha alilipia matope hayo.

Kisha vita ikaja na kuichora upya ramani ya reli kaskazini. Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga, na siku hizo hizo wakarudishwa nyuma Longido, kaskazini mwa Meru. Walipojipanga tena walileta reli yao wenyewe: kutoka Voi, kwenye njia ya Mombasa, kuvuka nyika kuelekea Taveta. Machi 1916 kamanda wao, Jenerali Smuts, alishambulia. Kikosi cha Jenerali Stewart kilitumwa kutoka Longido kipite katikati ya Meru na Kilimanjaro ili kuwafungia Wajerumani njia ya kutoroka, kikachelewa, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akateremka na reli yake akibomoa madaraja nyuma yake. Reli ya Voi ikaunganishwa na ile ya Tanga pale Kahe, kusini-mashariki mwa Moshi.

Kiungo hicho cha kijeshi ndicho kilichoamua mambo ya Arusha kwa nusu karne iliyofuata. Vita ilipokwisha kulikuwa na hoja ya kuking'oa. Badala yake, mwaka 1924 kilifunguliwa kwa biashara, na kuanzia hapo mzigo wa kaskazini ulikuwa na bandari mbili za kuchagua. Behewa lililofika Kahe likitoka Moshi liliweza kunyoosha kwenda Tanga, au kugeuka kushoto kwenda Voi na Mombasa, kwenye gati zenye kina na meli nyingi. Tanga haikuwa na gati la meli kubwa. Shehena yake ilipelekwa melini kwa matishari. Hapo ndipo ushindani mkali ulipozaliwa: reli ya Tanganyika ilikuwa inabeba mazao ya nchi na kuyakabidhi kwa reli ya jirani. Walowezi wa Arusha hawakuona ubaya wowote, maana wengi wao walitazama Nairobi kuliko Dar es Salaam katika kila jambo, benki, duka na siasa.

Reli ilifika Arusha mwishoni mwa mwaka 1929. Kilomita 86 kutoka Moshi, na karibu zote ni za kupanda: Moshi iko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari, Arusha ipo karibu na 1,400. Njia inapita Rundugai, inakata uwanda wa Sanya, inafika Usa River na kuingia mjini kwa upande wa kusini, mahali palipo na nafasi ya maghala. Ukijumlisha na ile ya zamani, Tanga hadi Arusha ni kilomita 438 hivi.

Hakuna aliyedhani kwamba ingeishia hapo. Tangu enzi ya Mjerumani, wenye michoro walikuwa wanaiona reli ya Tanga ikienda hadi Ziwa Viktoria. Arusha ilikuwa kituo cha kupumulia kabla ya kushuka ukuta wa Bonde la Ufa na kuvuka Serengeti. Lakini treni ya kwanza iliingia mjini wiki chache tu baada ya soko la hisa la New York kuanguka. Bei ya kahawa ikaporomoka, ya katani ikaporomoka, na serikali ya Tanganyika ikaanza kuhesabu senti. Kituo cha kupita kikageuka mwisho wa safari, na hakuna taruma moja lililowekwa magharibi ya Arusha tangu siku hiyo.

Hata hivyo mji ulibadilika haraka. Kahawa ya Meru ilipanda mabehewa kwenda kukobolewa Moshi kabla ya kuvuka bahari. Kutoka pwani vilikuja chumvi, vitambaa, majembe, saruji na petroli. Nafaka ya uwanda ilifuata reli, na kiwanda cha kusaga kilichojengwa karibu na stesheni kikaacha jina lake kwa mtaa mzima wa Unga Limited, mtaa wa makuli, mafundi na wachukuzi ambao kila mtu wa Arusha anaujua. Usiku wa mji huo kwa miaka mingi ulipimwa kwa honi ya treni ya mizigo.

Si wote waliofaidika. Ardhi iliyo karibu na reli ilipanda thamani, na thamani hiyo ilihesabiwa kwa faida ya mlowezi. Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson alipendekeza ardhi za Arusha na Moshi zipangwe upya, na ule ushoroba wa Sanya, kati ya Meru na Kilimanjaro, uwe wa wazungu watupu kwa ajili ya ng'ombe wa nyama na maziwa. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, na kesi ya Wameru ikawa moja ya hatua zilizoamsha siasa za Tanganyika nzima. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ardhi peke yake. Lakini ng'ombe wa biashara anahitaji njia ya kufikia soko, na njia hiyo ilikuwa imeshapita chini ya ushoroba huo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na ushindani wa Tanga na Mombasa ukawa suala la ndani ya ofisi moja. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, kiungo kipya kilifunguliwa kutoka Mnyusi, karibu na Korogwe, hadi Ruvu kwenye Reli ya Kati. Kwa mara ya kwanza behewa lililopakiwa Arusha liliweza kufika Dar es Salaam bila kupitia nchi nyingine wala kupanda meli. Tanga ilifurahi kidogo kuliko ilivyostahili, kwa kuwa mzigo wake sasa ulikuwa na bandari ya tatu ya kukimbilia.

Miaka ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 inaonekana, kwa mtu anayetazama karatasi, kama miaka ambayo reli hii ilipaswa kushamiri. Arusha ilijengewa viwanda, kikiwemo cha matairi cha General Tyre. Tanga ilipata kiwanda cha mbolea, kisha cha saruji pale Pongwe. Mwaka 1983 mgodi wa fosfati wa Minjingu, kilomita mia moja hivi magharibi ya Arusha, ulianza kuchimbwa ili kulisha kiwanda hicho cha mbolea, na reli iliyo karibu nao zaidi ni ya Arusha. Mbolea, saruji, fosfati: mizigo mizito ya bei ndogo, ile hasa ambayo treni huishinda lori.

Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Mpaka na Kenya ukafungwa, kiungo cha Voi kikakauka, na mali ya shirika la pamoja ikagawanywa kwa ugomvi. Shirika jipya la Reli Tanzania lilirithi vichwa vya treni vichache na karakana zisizotosha. Penye uhaba, Reli ya Kati ilitangulia, kwa kuwa ilibeba mizigo ya Mwanza, Kigoma na nchi za jirani. Tawi la kaskazini lilikuwa mkia, na Arusha ilikuwa ncha ya mkia. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Barabara ya lami ilikuwa tayari, na mwenye lori hakusubiri behewa. Treni zikapungua Arusha hadi zikakoma.

Ni rahisi kusema lori liliua reli. Ukweli unaouma ni kwamba reli hii haikuwahi kutunzwa kwa ajili ya mkulima wa uwanda wa kaskazini peke yake. Mjerumani aliijenga kwa katani, Mwingereza aliiunganisha kwa vita, na wapangaji wote waliota ziwa. Kila mara ndoto kubwa ilipoahirishwa, mahindi ya Sanya na kahawa ya Meru hayakutosha kuitetea mezani.

Mwaka 2007 uendeshaji wa reli zote za shirika ulikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India. Mwaka 2011 serikali ikazichukua tena hisa za RITES. Kaskazini majani yalifunika mataruma. Watu walilima juu ya tuta, wakajenga ndani ya hifadhi ya reli, na vyuma vikaibwa kuuzwa kama chakavu. Baada ya sheria ya mwaka 2017 kuunda upya Shirika la Reli, mafundi wake walirudi na majembe, winchi na mataruma, wakifyeka, wakitengeneza madaraja na kuweka alama ya X kwenye nyumba zilizokuwa njiani. Julai 2019 treni ya mizigo ilifika Moshi. Desemba ikaja ya abiria kutoka Dar es Salaam. Oktoba 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliizindua tena stesheni ya Arusha, baada ya takriban miongo mitatu ya ukimya, na wazee waliokuwa makarani na mafundi wa reli walikuwepo kuona mabehewa yakisimama pale pale.

Mtandao wa reli ya kisasa ambao serikali imeupanga una mstari wa Tanga, Arusha hadi Musoma, na tawi la kwenda kwenye magadi ya Engaruka. Ni mchoro ule ule wa zaidi ya miaka mia, sasa ukiwa na geji pana zaidi. Reli ya Arusha ya leo bado ni ya upana wa mita moja, na mzigo wa kwenda Karatu, Mto wa Mbu au Musoma ukishuka hapo unapandishwa kwenye lori.