8.7 badala ya 9.7

Samahanini kwa kupotea, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha na mtandao kule ni wa kubahatisha. Leo nawaletea historia kidogo, mwishoni mtajua kwa nini.

Kuna ule mchezo wa kuogelea kwa kufuata muziki, ambao tangu 2017 unaitwa kuogelea kisanii. Uliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles. Wengi tunaucheka, eti ngoma ya majini. Lakini jamani, wale kina dada wanakaa kichwa chini miguu juu, pumzi wamebana, na sakafu ya bwawa hawaruhusiwi kuikanyaga! Halafu majaji wanatoa alama kwa macho tu, kama sisi na insha.

Sasa Barcelona 1992. Sylvie Fréchette wa Kanada alipewa nafasi kubwa ya kushinda kwa upande wa mtu mmoja mmoja, ingawa alikuwa amefiwa na mchumba wake siku chache kabla. Kwenye mikao ya lazima, jaji kutoka Brazil alitaka kumpa 9.7, akabonyeza 8.7. Akajaribu kusahihisha, hakueleweka kwa wakati, alama ikabaki hivyo hivyo. Rufaa nayo ikagonga mwamba. Dhahabu ikaenda kwa Kristen Babb-Sprague wa Marekani, ambaye hakuwa na kosa lolote, Sylvie akapata fedha.

Mwaka 1993 shirikisho la kimataifa likakubali apewe dhahabu, na Kristen abaki na yake. Sylvie akavishwa nyumbani kwao Montreal, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Atlanta 1996 kukawa na shindano la timu peke yake. La mtu mmoja halijarudi Olimpiki mpaka leo.

Basi, wiki yangu ya mwisho shuleni, mtoto wa kidato cha pili akanifuata. "Mwalimu, samahani." Karatasi yake 71, kwenye orodha nimeandika 17. Mdomoni nilikuwa nayo tayari: "Matokeo yameshabandikwa." Nikamkumbuka Sylvie. Nikaenda ofisi ya taaluma na aibu yangu, ikarekebishwa kwa dakika tano.

Mwenzangu wa rumu anasema nilijisumbua, lilikuwa jaribio tu. Walimu watarajiwa, nyie mnasemaje?