Mshipa Uendao Ovyo: Tangu Ibn Sina Hata Einthoven

Ndugu msomaji, tabibu ashikapo kifundo cha mkono wa mgonjwa, moyo ndio autafutao. Mwalimu mkubwa wa elimu hiyo ni Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufa Hamadan mwaka 1037. Katika Al-Qanun fi al-Tibb aliyapambanua mapigo ya mshipa kwa namna nyingi, mengine akayafananisha na mwendo wa paa na wa sisimizi. Pigo lisilo sawa aliligawa mafungu mawili: lenye kukosea kwa mpango, na lenye kukosea ovyo. Msingi aliupata kwa Jalinus, Myunani. Hakuona haya kusoma kwa asiye wa dini yake.

Lakini kidole kina mpaka. Chajua kuwa moyo umekosea, hakijui ni chumba gani kilichokosea. Mwaka 1887 Augustus Waller alionyesha London kuwa umeme wa moyo wa mtu waweza kuandikwa bila kumpasua. Kisha Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860, akaunda chombo cha uzi mwembamba mno uliotundikwa kati ya sumaku. Kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Mawimbi aliyaita P, Q, R, S na T, na ndiyo majina yake hata leo. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel.

Wimbi la P ni la vyumba vya juu vya moyo. QRS ni la vyumba vya chini. Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London alibainisha ugonjwa ulio mashuhuri kwa pigo la ovyo: karatasini P haionekani, na vilele vya R havilingani masafa. Vyumba vya juu vyatetemeka tu. Damu hutuama humo, huweza kuganda, na donge likifika ubongoni mtu hupatwa na kiharusi.

Basi, mzee wako akilalamika kuwa moyo wampapa, usikimbilie kusema ni hofu au shetani. Weka vidole vyako chini ya kidole gumba chake, uhesabu dakika nzima. Ukiona pigo laenda ovyo, mpeleke hospitali apimwe. Dawa za kuzuia damu isigande zipo. Kumwombea ni wajibu wetu. Kumwombea na kumwacha kitandani ni uzembe, nao tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.