Magari na matrekta ya zamani: Kwa nini bado yapo mbali na yalikotengenezwa?

Trekta lililotoka kiwandani Uingereza mwaka 1950 huenda huko kwao limeyeyushwa zamani, ilhali lingine la kiwanda hicho hicho bado linavuta trela katika nchi ya mbali. Magari nayo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana wapenzi wa vyombo vya zamani huvuka mipaka kuvitafuta. Katika makala haya tunaeleza ni nini hukifanya chombo kidumu ugenini, utakitambuaje ukikiona, na nini cha kuzingatia kabla ya kukinunua au kukiuza.

Chombo cha zamani ni kipi?

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina masharti yake. Gari liwe na umri wa angalau miaka 30, litunzwe katika hali inayolingana na historia yake, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye utata. Katika nchi nyingi, gari au trekta kuukuu limeendelea kuishi kwa sababu linafanya kazi kila siku. Lingeegeshwa, lingekuwa chuma chakavu. Anayevitafuta vyombo hivi nje ya nchi yake hana budi kulijua hili tangu mwanzo: atakachokikuta si pambo, ni riziki ya mtu.

Cuba: Magari yaliyokosa mbadala

Mfano unaojulikana zaidi ni Cuba. Kabla ya mapinduzi ya mwaka 1959, kisiwa hicho kilinunua magari mengi kutoka Marekani: Chevrolet, Ford, Buick na mengineyo. Marekani ilipoweka vikwazo mwaka 1960 na kuvikaza mwaka 1962, magari mapya na vipuri vilikoma kuingia kutoka huko. Serikali ya Cuba nayo iliibana biashara ya magari. Hadi mwaka 2011, magari ambayo wananchi waliweza kuuziana kwa uhuru ni yale ya kabla ya mapinduzi.

Mafundi wakabaki na kazi moja: kuyafufua yaliyopo. Mengi yamewekwa injini za dizeli zilizotolewa kwenye vyombo vya Kisovieti au vya Kijapani. Kwa nje ni Chevrolet ya miaka ya 1950, lakini ukifunua boneti unakuta mashine nyingine kabisa. Wacuba huyaita *almendrones*, yaani lozi kubwa, kwa sababu ya umbo lake, na mengi ni teksi. Mkusanyaji anayetaka gari lenye kila kifaa cha asili atavunjika moyo, ila bila mabadiliko hayo asingelikuta gari lenyewe.

India: Land Rover za mlimani

Sababu ya pili ni jinsi chombo kilivyoundwa. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati huo chuma kilikuwa adimu Uingereza kutokana na vita, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Uamuzi uliotokana na uhaba ukageuka faida, kwani bodi hiyo haiozi kwa kutu. Kinachooza ni chesisi, ambayo ni ya chuma.

Huko Maneybhanjang, katika wilaya ya Darjeeling nchini India, Land Rover za miaka ya 1950 bado zinapandisha wageni na mizigo kuelekea Sandakphu, kwenye njia ya mlima yenye miinuko mikali na kona nyingi. Wenyeji wamezishikilia kwa sababu zinaimudu njia hiyo, na kwa sababu muundo wake ni rahisi kiasi kwamba fundi wa kijijini anaweza kuufungua na kuufunga.

Ferguson: Trekta lililosambaa duniani

Kwa upande wa matrekta, la kutafutwa kwanza ni Ferguson TE20, trekta dogo la kijivu. Lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani hapo. Matatu kati ya hayo yalifika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958, katika msafara wa Edmund Hillary.

Siri ya uhai wake iko nyuma. Harry Ferguson alibuni mikono mitatu ya kuungia plau, inayoinuliwa kwa nguvu ya haidroliki. Mfumo huo ndio uliokubalika na watengenezaji wengine, na matrekta ya leo bado yanautumia. Kwa hiyo mkulima mwenye trekta la miaka ya 1950 anaweza kulifungia plau au haro ndogo iliyonunuliwa juzi.

Matrekta ya Massey Ferguson yaliyofuata, kama 35 na 135, yalipata bahati nyingine. Viwanda vya India, Pakistan na iliyokuwa Yugoslavia vilipewa leseni ya kutengeneza matrekta ya aina hiyo, na vipuri vikaendelea kupatikana kwa miongo mingi. Penye vipuri, chombo hakifi.

Kongwa: Mitambo isiyodumu

Historia ya Tanganyika inaonyesha upande wa pili. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo. Mitambo mingi ilikuwa imekwishatumika, ikiwemo ya ziada ya jeshi iliyonunuliwa Ufilipino. Mingine, iliyoitwa Shervick, iliundwa kutokana na vifaru vya kivita aina ya Sherman.

Mitambo ilikuwa ya aina nyingi, vipuri vilikuwa haba, udongo ulikuwa mgumu na madereva wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Ukubwa wa mtambo si kinga. Trekta dogo la Ferguson limeuzidi umri mtambo uliozaliwa na kifaru.

Utajuaje ulichokiona?

Usiiamini rangi, kwani hupakwa upya. Tafuta kibati chenye namba. Kwenye Ferguson kipo kwenye dashibodi. Herufi TE maana yake lilitengenezwa Uingereza, na TO ni la Marekani. TEA ni la petroli, TED hutumia mafuta ya taa, na TEF ni la dizeli. Kwenye gari, linganisha namba ya chesisi na iliyoandikwa kwenye kadi. Namba ya injini ikitofautiana, uliza injini ilibadilishwa lini na kwa nini. Jibu lake ni sehemu ya historia ya chombo.

Je, yanaweza kuhamishwa?

Si kila mahali. Cuba huyahesabu magari yake ya kale kuwa urithi wa taifa na hairuhusu yatolewe nchini. India kwa miaka mingi imezuia kusafirishwa nje magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1950. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 kuhusu mali za utamaduni nao unataja vitu vya historia ya sayansi na teknolojia.

Kuingiza nako kuna mipaka. Kwa kawaida Kenya hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, na Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Hii ina maana kwamba gari la kale ambalo tayari lipo Afrika Mashariki likikatwa vipande, si rahisi kulipata lingine.

Kwa hiyo mwenye trekta kuukuu nyuma ya nyumba asikubali bei ya kilo kabla ya kujua alicho nacho. Anakili namba za kibati, apige picha, ahifadhi kadi na stakabadhi hata kama zimechakaa, na awaulize mafundi wazee wanaolifahamu. Mnunuzi wa chuma chakavu hulipia uzito tu. Kinachofanya chombo kiwe na thamani zaidi ya hapo ni jina lake, mwaka wake na kazi liliyoifanya, na hayo mwenyewe ndiye wa kwanza kuyajua.